Ukimya wa Hadaka no Shima
Ndugu, umeuliza kama Hadaka no Shima, filamu ya Kijapani ya mwaka 1960 iliyoongozwa na Kaneto Shindo, inastahili kutazamwa ilhali wahusika wake karibu hawazungumzi kabisa. Inastahili, ila usiitazame huku umeshika simu. Mume na mke huvusha maji kwa mashua hadi kisiwa kikavu, kisha huyapandisha mlimani mzegazega, ndoo mbili zikining'inia kwenye ncha za mti wa begani, na kamera huwafuata safari baada ya safari mpaka nawe unachelea tone lisimwagike. Ndiyo maana mke anapoteleza na maji kumwagika, kofi analopigwa na mumewe (ukatili mtupu, kwa maoni yangu) linashtua kuliko maneno yoyote.