Nyuroni ya analogi inayotoa jibu pungufu

SWALI: Asalaam alaykum. Sisi wanafunzi wa skuli moja ya hapa Wete tumeunda nyuroni bandia moja ya analogi, yaani saketi inayozidisha kila ingizo kwa namba yake (uzito) kisha ikajumlisha, kwenye bredibodi (ubao wa kuchomeka saketi bila kulehemu): IC ya LM358 yenye vikuzaji, betri mbili za volti 9, volyumu tatu za 10k (ohmu elfu kumi) ziwe uzito, na rezista nne za 10k, tatu za kujumlisha na moja ya kurudisha toleo la kikuzaji kwenye ingizo lake. Kila ingizo tunalipa volti 1 na kila volyumu iko katikati. Tulitarajia volti 1.5 hasi (nusu volti mara tatu, na kikuzaji hugeuza alama), mita inasoma 1.2 hasi. IC tumebadilisha, hali ni ile ile. Na uzito hasi tunaupataje?
Mwanafunzi, Wete, Pemba

JIBU: Waalaykum salaam. IC yenu ni nzima. Volyumu ya 10k ikiwa katikati, nusu zake mbili za 5k huwa sambamba, kwa hiyo mguu wa kati una ukinzani wa 2.5k. Huo unajiongeza kwenye rezista ya 10k, inakuwa 12.5k, na mkondo unapungua kwa asilimia 20. Hakikisheni wenyewe: chomoeni rezista, mguu wa kati utasoma 0.5, irudisheni, utashuka hadi 0.4.

Wekeni rezista zote nne za 100k, za asilimia 1. Mtapata kama 1.46. Upungufu uliobaki hubadilika kila mkizungusha volyumu, basi msipige hesabu kwa kuangalia kishale cha volyumu. Uzito upimeni ndani ya saketi. Ingizo moja lipeni volti 1, mawili mengine yafungeni kwenye graundi (yakining'inia yanaokota kelele za umeme wa nyumba), kisha someni mguu wa 1 wa IC, ambao ndio toleo. Namba hiyo ndiyo uzito, alama yake ikiwa imegeuzwa. Hivi ndivyo mnavyopaswa kufanya hasa kama volyumu mmezitoa kwenye redio mbovu: nyingi zina herufi A, ambazo ukinzani wake haupandi sawasawa, nazo katikati hazitoi nusu. Tafuteni zenye B, zinazopanda sawasawa.

Uzito hasi unataka kigeuzi, yaani kikuzaji kinachogeuza alama ya volti. LM358 ina vikuzaji viwili. Cha pili kifungieni rezista mbili za 100k, kitoe ingizo lile lile likiwa hasi. Mguu mmoja wa pembeni wa volyumu upate ingizo, wa pili upate hasi yake. Katikati inakuwa sifuri, na uzito unatembea toka −1 hadi +1. Kila ingizo linataka kigeuzi chake, kwa hiyo ongezeni IC moja. Ni kazi, lakini inafaa kujifunza: mashine ya Frank Rosenblatt huko Marekani, Mark I Perceptron, mashine ya mapema ya nyuroni bandia, nayo ilihifadhi uzito kwenye volyumu, zikizungushwa na mota.

Saketi ikishakubali, ihamisheni kwenye bodi ya kulehemu. Hewa ya chumvi huziotesha kutu klipu za bredibodi, na namba zitaanza kurukaruka bila ya kuguswa. Kabla ya kulaumu IC, chomoeni waya, zisugueni ncha kwa spiriti, mpime tena.