Ndege ya kivita inakosaje oksijeni na hewa imejaa kila mahali?

SWALI: Fundi, asalaam aleikum. Juzi hapa maskani kwetu Majengo tulibishana mpaka watu wakapandishiana sauti. Mwenzetu mmoja anasema zile ndege za kivita za Marekani, F-22, ziliwahi kuzuiwa zisiruke kwa miezi kwa sababu marubani walikuwa wakikosa hewa huko juu. Mimi nikakataa katakata, ndege ya pesa zote zile itakosaje kitu ambacho mgonjwa wa wodini anacho? Wewe washughulika na oksijeni kila siku, tuambie. Na kama ni kweli, si wangeweka tu mtungi? Halafu sisi abiria tunaopanda ndege hapa kwenda Nairobi, zile maski hewa yake yatoka wapi?

JIBU: Waaleikum salaam ndugu yangu. Mwenzako yuko sawa, kama mliwekeana kitu mlipe mapema yaishe.

Mimi jeshini sijaingia, kazi yangu ni kutengeneza mitambo ya oksijeni mahospitalini huku Pwani, lakini swali lako limenifurahisha sana manake ile mashine inayomlisha hewa rubani wa F-22 na ile konsentreta, mashine ya kuchuja oksijeni kutoka hewani, unayoiona ikinguruma kando ya kitanda cha mgonjwa, ndani ni kitu kimoja. Tofauti ni bei na mahali ilipokaa.

Kwanza tuelewane kuhusu hewa ya juu. Watu wengi wanadhani huko oksijeni imeisha, la, ni asilimia 21 ileile ya hapa Mombasa, kilichopungua ni presha. Kileleni Kilimanjaro, mita 5,895, presha ni karibu nusu ya hii yetu ya ufuoni, kwa hivo kila pumzi unayovuta wapata nusu ya oksijeni uliyozoea. Sasa F-22 inapanda kupita futi 50,000, yaani zaidi ya kilomita 15, Kilimanjaro mbili na nusu. Mtu akikatikiwa oksijeni futi 35,000 ana kama nusu dakika mpaka dakika moja ya kuwa na akili zake, sisemi ya kufa, nasema ya akili, baada ya hapo macho yako wazi na mikono inacheza lakini hajui afanyalo. Na kebini ya ndege ya kivita haijazwi presha kama ya ndege ya abiria, yajazwa kiasi tu, ndo maana rubani amevaa maski safari nzima.

Zamani walikuwa wanabeba oksijeni ya kimiminika, iliyopozwa mpaka nyuzi 183 chini ya sifuri. Lita moja ya hiyo ikigeuka hewa yatoa lita 800 na kitu, kwa hivo haichukui nafasi kubwa. Taabu ni kwamba kila kituo lazima kiwe na mtambo wake na magari yake na watu wake waliosomea, ikigusana na grisi au mafuta ni moto, na ikiisha angani rubani ashuke hata kama fueli bado ipo. Ndo maana kuanzia miaka ya 80, ndege ya Harrier ya wanamaji wa Marekani ikiwa miongoni mwa za kwanza, wakaamua ndege ijitengenezee yenyewe hukohuko juu. Mtungi haukutupwa lakini, kuna mdogo wa dharura kwenye kiti, na ule ni wa dakika chache tu za kukushusha chini.

Mashine yenyewe inafanya hivi. Hewa yachotwa kwenye kompresa ya injini, ile sehemu inayoigandamiza hewa, ina presha na ni moto, yapozwa, halafu yasukumwa ndani ya silinda iliyojaa punje za zeolaiti, aina ya madini yenye vitundu vidogo mno. Zeolaiti ina tabia moja, ukiibana hewa kwa presha yaikamata nitrojeni na kuiacha oksijeni ipite, presha ukiishusha yaitema ile nitrojeni. Kwa hivo zawekwa silinda mbili, moja ikikamata nyingine yatema, zinabadilishana kila baada ya sekunde chache, ule mlio wa psss psss unaousikia wodini ndo huo. Oksijeni yatoka asilimia 93, 94 hivi, haifiki 100 kwa sababu kuna gesi ya agoni ambayo zeolaiti haijui kuitofautisha na oksijeni, zinapita pamoja.

Adui mkubwa wa zeolaiti ni unyevu. Maji yanaing'ang'ania kuliko nitrojeni na hayatoki kirahisi, na hapa kwetu kwa joto hili la chumvi na jasho nshafungua konsentreta ikiwa bado changa kabisa, punje ambazo zilitakiwa kuwa ngumu kama mtama zimegeuka ungaunga mweupe umeganda chini ya silinda, ukiweka kipimo yasoma 70 na kitu na mashine yapiga kelele ya alamu wiki nzima, watu washaizoea. Usidhani jeshi limeepuka hili. Mwaka 2018 jeshi la anga la Marekani lilisimamisha ndege zake za mafunzo za T-6 karibu mwezi mzima kwa sababu wanafunzi na walimu wao walikuwa wanapata dalili za kukosa hewa, uchunguzi ukaonyesha kiwango cha oksijeni kilikuwa kinapanda na kushuka, na kati ya vitu vilivyokuwa vinaharibika kupita matarajio ni filta na zile valvu za kumwaga maji. Valvu ya kumwaga maji! Kitu kidogo ambacho fundi akiwa na haraka hakiangalii.

Sasa hiyo F-22 yenyewe, na hapa ndo utamu ulipo. Novemba 2010 ndege moja ilianguka Alaska na rubani wake akafa, mfumo wa hewa ya injini ulijizima kwa kuhisi kuna uvujaji na oksijeni ikakatika nao. Malalamiko ya marubani wengine yakawa yanaongezeka, kizunguzungu, kuchanganyikiwa, kikohozi, mpaka Mei 2011 wakazifunga zote zisiruke, zikarudi Septemba. Kilichotafutwa mwanzo ni sumu, walidhani pengine mafuta au moshi wa injini unaingia kwenye mashine. Wakaongeza filta ya makaa, wakawapa marubani vile vipimo vya kidoleni vya kupima oksijeni kwenye damu kama vya wodini, wakachukua sampuli za damu na za hewa. Sumu ya kuelezea yale yote haikupatikana, na ile filta ikabidi itolewe manake nayo ilikuwa inazuia hewa kupita.

Mwaka 2012 ndo wakatoa jibu. Rubani anavaa kizibao kinachojaa hewa kumbana kifua, ili ndege ikikata kona kali au presha ya kebini ikipotea asilemewe. Valvu ya kile kizibao ilikuwa inakijaza wakati haifai, kinabaki kimembana, kwa hivo oksijeni iko, safi, kipimo kinasoma vizuri, lakini kifua hakifunguki sawasawa kuivuta. Na mipira ya kupitisha hewa na viungio vyake navyo havikuwa vinapitisha hewa ya kutosha. Wakabadilisha valvu, wakarekebisha mipira, wakaweka na mtungi wa dharura unaojifungua wenyewe, manake ule wa kwanza ulitaka rubani auvute kwa mkono, na mtu aliyekosa hewa ndo mtu wa mwisho wa kumtegemea akumbuke kuvuta kitu.

Kwangu mimi hili halikunishangaza hata kidogo. Nishaitwa hospitali moja usiku, mashine ni mbovu, mgonjwa anahema. Naweka kipimo, 93 safi kabisa. Nafuata mpira kwa vidole kutoka kwa mashine mpaka puani, nakuta gurudumu la kitanda limeukanyaga. Mashine inaulizwa swali moja tu, unatoa asilimia ngapi, na yajibu vizuri, swali la imefika kiasi gani kifuani hakuna anayeliuliza. Jeshi la wanamaji la Marekani lilipata somo kama hilo na ndege zao za mafunzo za T-45 mwaka 2017, walimu wengi waligoma kabisa kuruka, na moja ya sababu zilizopatikana ni kwamba injini ikipunguzwa kasi hewa inayofika kwenye mashine yawa ndogo. Hata F-35, mwaka huohuo zilisimama siku kadhaa kule kituo cha Luke, Arizona, baada ya marubani watano kulalamika, na NASA walipokuja kupima pumzi za marubani wenyewe wakaona ndege ile yawavuruga mpangilio wa kupumua. Miaka yote ile walikuwa wanapima mashine. Mtu ndo kapimwa mwisho.

Na usiseme basi wampe oksijeni tupu kwa wingi yaishe. Nitrojeni ina kazi yake, haifyonzwi haraka na damu kwa hivo yabaki imeshikilia vifuko vya mapafu vikiwa wazi. Ukimjaza mtu oksijeni karibu tupu halafu ndege ikamgandamiza kwa kona kali, oksijeni yafyonzwa, vifuko vyajifunga, akitua anakohoa. Kile kikohozi cha marubani wa F-22 wengi wanakihusisha na hili.

Kuhusu safari yako ya Nairobi, usiwe na wasiwasi wa hayo yote. Kebini ya abiria yajazwa presha isiyopungua ile ya kukaa mita 2,400 hivi, juu kuliko Nyahururu kidogo tu, kwa hivo huhitaji maski kupumua. Zile za kwenye dari kwa ndege nyingi hazina mtungi, juu ya kiti chako kuna kopo la kemikali, ukivuta maski chini yaanza kuungua yenyewe na kutoa oksijeni kwa dakika kama 12 hivi au zaidi, muda wa kutosha rubani ashuke mpaka futi 10,000 ambako mtu apumua kivyake. Lazima uivute lakini, ukiiacha inaning'inia tu mbele yako haitoi kitu. Ikianza waweza kusikia harufu kama ya kitu kinaungua, usiitupe, na kile kifuko kisipojaa usidhani ni mbovu, hewa yaingia hivohivo. Jivalishe wewe kwanza halafu mtoto, kwa zile sekunde nilizokuhesabia huko juu.