Kidonda cha kupunguza matiti kimefunguka, nikikaushe na nini?

SWALI: Sista shikamoo. Mie nina miaka 36, naishi Makorora hapahapa Tanga. Nilipunguzwa matiti Dar, leo siku ya 24. Mgongo umetulia, mabega hayaumi tena, namshukuru Mungu. Tatizo ni chini ya ziwa la kulia, pale mshono unaoshuka unapokutana na ule wa chini, pamefunguka kama sarafu ya shilingi mia na ndani naona unjano. Shangazi anataka anikande na maji ya moto kama mzazi, jirani naye kaniletea unga wa kukausha kidonda, elfu 45, anasema wiki moja tu kwisha habari. Na chuchu ya upande huo haina hisia. Je, nirudi Dar nikashonwe tena au nitumie huo unga? Na genge langu nirudi lini?

JIBU: Marahaba mdogo wangu, na pole. Nianze na la haraka upumue kwanza. Hapo palipofunguka ndo panapofunguka kwa wengi. Mshono wako ni ule wenye umbo la nanga, unazunguka chuchu, unashuka, alafu unakata kushoto na kulia kwenye kunjo la chini la ziwa, sasa pale mistari inapokutana ngozi inavutwa huku na huku na damu inafika kwa shida, kwa hiyo daktari awe fundi vipi pale panaweza kuachia tu. Haina maana umeshonwa vibaya, wala hakuna aliyekutupia jicho. Kushonwa tena kwa tundu dogo hivyo kwa kawaida hapana, ukifunga kidonda kilichokaa wazi siku kadhaa unafungia vijidudu ndani, na ngozi ileile inayovutwa itaachia palepale. Tunaliacha lijae lenyewe kutoka chini kuja juu. Wiki 2, 3, wengine mpaka 6. Yule wa wiki moja kwisha habari mwambie Tanga ndo waja leo waondoka leo, kidonda hakijui huo msemo.

Sasa tuje kwenye unga.

Jamani. Nimekaa wodi ya upasuaji miaka mingi na sa hivi niko chumba cha kuosha vidonda, na kila asubuhi, sitanii, kila asubuhi nasikia neno moja, "sista nataka kikauke". Mwenye kisukari na mguu wake anataka kikauke, aliyejifungua kwa oparesheni anataka kikauke, kijana wa bodaboda kachunika goti hajafika hata mlangoni anauliza dawa ya kukausha. Tumelelewa hivyo, kikavu ndo kizuri, chenye majimaji kibaya. Si kweli! Ngozi mpya inatambaa kutoka pembeni kwenda katikati na inatambaa penye unyevu, ukikausha juu likafanya gaga, ngozi inabidi ichimbe ipite chini ya gaga ikatafute unyevu huko, ndo unaona siku zinakwenda kidonda kiko vilevile. Na hili sio jambo la jana, mwaka 1962 mtafiti mmoja wa Uingereza, George Winter, aliwatia nguruwe vidonda vidogo, vingine akavifunika vibaki na unyevu, vingine akaviacha vikauke kwa hewa, na vile vilivyofunikwa vikaota ngozi karibu mara mbili kwa kasi. Miaka 60 na ushee imepita, mie bado naletewa watu wamepakwa majivu.

Unyevu sio kulowana lakini, tuelewane. Joto letu hili la pwani, ziwa linakaa juu ya kunjo, jasho linakusanyika pale chini, hilo halitakiwi, ngozi ya pembeni itakuwa nyeupe imevimba kama vidole vya mtu aliyeshinda anafua, na fangasi nao wanapapenda hapo (wewe mwenyewe unapajua, nina hakika kabla ya upasuaji ulishahangaika na vipele vya chini ya maziwa). Kidonda chenyewe kiwe na unyevu, ngozi inayokizunguka iwe kavu. Basi.

Huo unga wa jirani sijui ni nini ila nakisia, kwa sababu nyingi ninazoletewa ni kapsuli za antibayotiki zimefunguliwa zikachanganywa na kitu kingine. Unga ule ukikutana na majimaji ya kidonda unaganda kama saruji. Juu unaona pakavu unafurahi, chini usaha unajaa taratibu bila kelele. Alafu anakuja kwangu nakaa nusu saa naloweka nabandua kidogokidogo mtu analia, na nikimaliza kidonda kilichokuwa cha sarafu kimekuwa cha kifuniko cha chupa ya mtindi. Kapsuli imetengenezwa imezwe, na imezwe kwa dozi aliyoandika daktari. Spiriti nayo, na ile dawa inayotoa povu, zinaua vijidudu kweli ila zinaua na nyama changa inayoota, kwa hiyo kila ukipaka unarudi nyuma hatua moja. Manjano, habbat soda, mwarobaini uliosagwa kwenye kinu kilichosagia vitunguu jana, hapana. Asali najua mtaniuliza, kila mtu ananiuliza asali. Ipo asali inayotumika hospitalini kwenye vidonda, imesafishwa kwa mionzi kuua vijidudu na mbegu zake, sio ile uliyonunua Ngamiani kwenye chupa ya konyagi. Na maji ya bahari pia, ukiambiwa kaoge Raskazone chumvi itakausha, usiende. Ile bahari ina mambo mengi zaidi ya chumvi.

Kukandwa ndo kabisa, na hapa nitakuwa mkali hata kwa shangazi, anisamehe. Umesema mwenyewe chuchu haina hisia. Mishipa ya fahamu ya ngozi ilikatwa mingine na mingine ikavutwa, ngozi ya chini na ya pembeni nayo utakuta ina ganzi, sasa mtu mwenye ganzi ukimkanda na kitambaa cha maji ya moto anajuaje kama moto umezidi? Hajui. Nilimpokea mama mmoja wa njia ya Muheza, upasuaji wake ulikwenda vizuri kabisa, wiki ya tano mshono umefunga, akawekewa chupa ya maji ya moto "kulainisha ndani" akapitiwa na usingizi. Alipoamka hakuna maumivu, akavua blauzi akakuta malengelenge ukubwa wa kiganja. Yule tulimhudumia vidonda vya moto miezi miwili, makovu ya upasuaji wala hayakumsumbua, kovu la moto ndo analo mpaka leo. Kukanda mzazi ni mambo ya mgongo na nyonga, na hata huko nina maneno yangu, ila ziwa lililopasuliwa liacheni. Barafu moja kwa moja kwenye ngozi ni vilevile.

Kuhusu unjano. Wengi wakiuona wanadhani ni usaha wanakimbilia vidonge. Unjano ulioshika chini kama utando, haunuki, hautiririki, pembeni hapana wekundu unaosambaa, ule mara nyingi ni nyama iliyokufa kidogo na utando wa kawaida wa kidonda kinachopona, utatoka wenyewe kadiri unavyosafisha. Usaha ni habari nyingine, mzito, unanuka, unatoka ukibinya, ngozi inawaka moto (kwa rangi zetu wekundu haujionyeshi sana, utaona ngozi imeiva, inang'aa, ukigusa unaona ina joto kuliko upande wa pili), na homa ikafika 38 kwenda juu. Hiyo usinisubiri mie nijibu, nenda siku hiyohiyo, hospitali ya Bombo pale pana watu usiku kucha. Nenda hivyohivyo kama ziwa moja limevimba ghafla kulizidi lenzake, au pumzi inakata, au shavu la mguu mmoja linauma na kuvimba, maana damu inaweza kuganda mguuni ikasafiri mpaka kwenye mapafu, na ndo sababu walikuamsha utembee wodini siku ya kwanza ukawaona hawana huruma.

Namna ya kufunga ni rahisi mpaka watu hawaamini, nadhani ndo maana wananunua unga. Unanawa mikono kwa sabuni. Unasuuza kidonda kwa maji ya chumvi ya hospitali, yakikosekana chemsha maji, nusu lita kwa kijiko kimoja cha chai cha chumvi, usawa sio mlima, yapoe kabisa. Unaweka gozi ya mafuta ile inayouzwa famasi au gozi safi uliyoilowesha kidogo ukaikamua, juu yake gozi kavu, unavaa sidiria, kesho yake unarudia. Usitumie pamba, nyuzi zake zinabaki ndani. Plasta usiivute kwa kuizungusha ziwa zima. Kuoga oga, maji yanayotiririka na sabuni ya kawaida hayana neno, usijiloweke tu kwenye beseni, ukimaliza pangusa kunjo la chini mpaka liwe kavu.

Sidiria isiyo na waya, ya kufunga mbele, usiku na mchana mpaka wiki 6 zipite. Naona wengi wakifika wiki ya tatu wanaivua kwa joto, nawaelewa, mie mwenyewe Tanga hii ya Januari nikirudi nyumbani ya kwangu ndo kitu cha kwanza kwenda, ila ziwa likining'inia linavuta palepale palipofunguka. Nunua mbili za pamba, moja ikifuliwa nyingine mwilini. Kula mayai, maharage, samaki, kunde, usikubali kunyimwa mayai eti yanatunga usaha, nyama mpya inajengwa na nini sasa? Na ukifika hospitali omba upimwe sukari na wingi wa damu, maana nishaona kidonda cha namna hii kinachogoma kumbe mwenyewe ana kisukari hajui. Kama unavuta sigara au shisha acha leo, ile inabana mishipa ya damu na hapo pako damu ilikuwa haitoshi tangu mwanzo.

Chuchu: hisia hurudi taratibu, miezi kadhaa mpaka mwaka, wengine inaanza na kuchomachoma kama sindano, ndo mishipa inaamka. Wapo ambao hairudi yote, na hilo nina hakika uliambiwa kabla ya kusaini. Genge, kukaa na kuuza unaweza hata wiki hii kama una wa kukusaidia, ila ndoo ya maji, tenga la nyanya, kupandisha mzigo kwenye baiskeli, hapana mpaka wiki 6 na kidonda kiwe kimefunga.

Na huyo jirani, mwambie nimemsalimia. Hawa wauza unga siku hizi hawangoji hata mtu apasuliwe, wako kwenye simu wanauza krimu ya kupunguza matiti, ya kuongeza, ya kuyasimamisha, na ukiangalia vizuri ni kopo moja limebadilishwa karatasi, juzi lilikuwa la kung'arisha uso na wiki ijayo litakuwa la bawasiri. Ziwa ni mafuta na tezi na mirija, hakuna krimu inayopita kwenye ngozi ikayeyusha hayo ikaacha ngozi salama, ingekuwepo wale madaktari wa hospitali ya Mloganzila kule Dar wasingehangaika na visu. Krimu yenye steroidi kali ndo inafanya ngozi iwe nyembamba, ikatike michirizi, mwenye nayo anadhani ziwa linapungua. Hilo tungesema ni hela tu imepotea. Linaloniuma mie ni mwanamke anayejisikia uvimbe kwenye ziwa anaambiwa ni mafuta yameganda, anasugua krimu miezi minane, anakuja kwangu kwapa limeshajaa matezi, na safari inakuwa ya Ocean Road, hospitali ya saratani kule Dar, wakati mwanzoni ingekuwa ya kipimo tu hapa mjini. Hata wewe, miezi ijayo unaweza kusikia kidude kigumu ndani ya ziwa. Mara nyingi ni mafuta yaliyokosa damu yakafa, upasuaji huu hufanya hivyo, ila hakuna vidole vya mtu, viwe vya kwangu au vya huyo jirani, vinavyoweza kuapa kwamba ni hayo. Kinapimwa. Na uwapigie Dar uulize majibu ya ile nyama waliyotoa, kama ilipelekwa maabara yanatakiwa kuwepo.

Baada ya kufunga kabisa ndo tutaongea kovu na keloidi (kovu linalovimba na kukua), jeli za silikoni na sindano, kwa sasa usipake kitu.

Njoo uoshwe, asubuhi kabla foleni haijawa kubwa, uje na ile karatasi uliyopewa ukiruhusiwa. Na huo unga usiutupe, njoo nao niuone.