Umri wa beji ya askari wa miavuli wa Hungaria
Uliuliza kama beji uliyoionyesha, ya askari wa miavuli wa Hungaria, ni ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Hapana, haiwezi kuwa ya vita hivyo, kwa sababu nembo iliyomo, yaani ngao ya rangi nyekundu, nyeupe na kijani iliyozungukwa na masuke ya ngano, yenye nyota nyekundu juu yake, ilikuwa nembo ya taifa la Hungaria kuanzia mwaka 1957 hadi 1990. Mimi hukusanya beji hizi na jambo la kwanza ninalolitazama daima ni nembo, kwani rangi na uchakavu huigizwa kwa urahisi. Ingekuwa na nyundo na suke la ngano vilivyopishana, ungeiweka kati ya 1949 na 1956.

Taji ndilo linalowapoteza wengi. Taji la Mtakatifu István, yaani taji la wafalme wa Hungaria, ambalo msalaba wake umeinama upande, lilikuwamo katika nembo ya Ufalme wa Hungaria enzi ya vita hivyo, wakati kikosi cha kwanza cha miavuli kilipokuwa na makao yake katika mji wa Pápa, nalo likarudishwa mwaka 1990. Kwa hiyo beji yenye taji inaweza kuwa ya zamani sana au ya juzi tu. Hapo soma hati inayoambatana nayo, ukiipata: herufi MN humaanisha Magyar Néphadsereg, jeshi la enzi ya ukomunisti, na MH ni Magyar Honvédség, jina la jeshi tangu 1990. Hata hivyo nembo haithibitishi kwamba beji yenyewe si nakala.