Kidonda kimegoma miezi miwili, kumbe ni fegi

Mi nimevuta sigara miaka 11 na kifua sijawahi kuumwa, kwahiyo ukiniambia sigara ina madhara nilikua nakuangalia tu. Mpaka nilipodondoka na boda Mbagala, mvua imenyesha, jamaa kakwepa shimo tukaenda chini wote, kipande cha bati kikanichana ugokoni. Nyuzi 9. Siku ya 12 zikatolewa, kesho yake naamka shuka imelowa, kidonda kimeachia chote, kimefunguka kama mdomo.

Hapo ndo safari ikaanza. Kusafisha kila baada ya siku moja, gozi na bendeji hela yangu, antibayotiki aina mbili, shemeji akasema fungua rangi mbili (vile vidonge vya antibayotiki vya unga ndani) mwagia ule unga, nikamwagia (msifanye hivo jamani, unagandana na usaha unakua kama simenti na siku ya kuubandua utaita mama). Wakapima sukari, iko poa. Ngoma (virusi vya ukimwi), niko salama. Mwezi wa pili unaisha kidonda kiko vilevile, katikati pamepauka kijivu, hata wakisugua hapatoi damu. Na mi nikitoka kusafishwa cha kwanza napita dukani kwa Mangi, fegi mbili, si unajua maumivu.

Aliyenishtua ni nesi mmoja mtu mzima, alinishika mkono nipande kitandani akaviona vidole viwili vya njano. "Mwanangu, si uliandikisha huvuti?" Niliandikisha kweli. Nilidhani hilo swali ni la watu wa kifua.

Akaniambia hivi, kidonda kinakula damu. Nikotini inabana mishipa midogo ya damu, hasa huko mbali mikononi na miguuni, na ugoko wenyewe hauna nyama, ni ngozi na mfupa, damu ya kugombania. Halafu hata hiyo kidogo inayofika haijabeba oksijeni ya kutosha, sababu moshi wa sigara una kaboni monoksaidi, ile ile ya jiko la mkaa chumbani, na yenyewe inang'ang'ania damu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Sasa seli nyeupe zinahitaji oksijeni kuulia wadudu, na nyama mpya haijengeki bila oksijeni, ndo mana nyuzi zilivotolewa hamna kilichokua kimeshika ndani.

Nikamuuliza basi nihamie shisha au hizi vepu? Akacheka. Shisha ina mkaa juu yake, vepu haina moshi ila nyingi zina nikotini, ugoro nao vilevile, mishipa haijui nikotini imeingilia puani au mdomoni.

Kwahiyo ukiulizwa unavuta sema kweli, na idadi usiipunguze. Kama una opareshini ya kupangiwa tarehe acha mapema, WHO wanasema kama wiki 4 kabla, ila hata ukichelewa acha tu, ile kaboni monoksaidi inashuka ndani ya siku moja mbili. Na uking'oa jino usiguse sigara siku za mwanzo kabisa, lile donge la damu likitoka shimoni mfupa unabaki wazi, bro wangu yalimkuta akakesha anazunguka uani na taulo mdomoni.

Kuacha sikudanganyi, siku tatu za kwanza nilimfokea wife kisa chumvi. Nikabadili njia nisipite kwa Mangi, mfukoni karanga muda wote, na bado niliteleza mara mbili, moja siku ya Simba na Yanga.

Wiki ya tatu hivi nesi anasafisha nikasikia panachoma, nikaruka, maana pale katikati palikua kama pamekufa. Akaniambia hebu angalia. Kwenye ule ukijivu kuna vijipunje vyekundu vidogovidogo kama komamanga, na gozi imetoka na damu. Nikapiga kelele "damu!" kwa furaha, mgonjwa wa kitanda cha pili akanitolea macho.