50mm f/1.8 au f/1.4 kwa Canon 700D?

Swali: Habari za kazi. Natumia Canon 700D na lenzi yake ya 18-55mm. Napiga sendofu, ubatizo na picha za mtu mmoja mmoja hapa Tanga. Nataka sura itoke kali na nyuma kuwe na ukungu laini. Kuna mtu ananiuzia Canon EF 50mm f/1.4 USM iliyotumika. Kwa pesa hiyohiyo napata 50mm f/1.8 STM mpya na chenji inabaki. Nichukue ipi?

Jibu: Salama, ndugu yangu. Chukua f/1.8 STM, na chenji usiiguse bado.

Tuanze na ukungu, maana ndio unaowatoa watu pesa. Gawa milimita za lenzi kwa namba ya f, utapata upana wa tundu la kupitishia mwanga. 50 kwa 1.8 ni 28mm, na 50 kwa 1.4 ni 36mm. Lenzi yako ya sasa ikivutwa hadi 55mm inafunguka f/5.6 tu, yaani kama 10mm. Sasa taa iliyo mbali sana nyuma ya mtu hugeuka duara, na duara hilo ukililinganisha na uso wake lina upana uleule wa tundu. Kwa 18-55 linatosha kifungo cha shati. Kwa f/1.8 linakaribia upana wa jicho lake. Hiyo ndiyo hatua kubwa, na umeshaivuka kabla hujafika kwenye f/1.4.

Lakini hesabu hiyo ni ya vitu vya mbali. Mtu akiwa mita 2 kutoka kwako na ukuta mita 1 nyuma yake, duara linabaki theluthi: 9mm kwa f/1.8, 12mm kwa f/1.4. Msogeze mbali na ukuta, mita 6, wewe ukibaki mita 2 kutoka kwake, na f/1.8 inakupa 21mm. Kwa hiyo bibi harusi akiegemezwa kwenye pazia la ukumbi, hakuna 50mm itakayokuokoa.

Kwa mwanga, tofauti ya lenzi hizi ni theluthi mbili za stopu (stopu moja ni mwanga mara mbili). Pale f/1.8 inapodai ISO 1600 (ISO ni kipimo cha wepesi wa kamera kwa mwanga), f/1.4 itadai ISO 1000. Ni faida, ila si ya kubadilisha kazi.

Ukali ndipo f/1.4 hii inapoangusha wengi. Ni ya mwaka 1993, na ikifunguliwa yote huweka utando mweupe kwenye kingo zenye mwanga: shela jeupe mbele ya suti nyeusi hutoka kama lina moshi, na pembeni yake panaingia mstari wa zambarau. Ukiifunga hadi f/2.8 mambo hutulia, lakini hapo unatumia tundu ambalo STM nayo inalo, tena safi. STM ya mwaka 2015 nayo si malaika. Kwenye f/1.8 kingo huonyesha zambarau kidogo, kwenye f/2.8 inakuwa kali hasa, na kilele chake kiko kati ya f/4 na f/5.6. Ukipita f/11 ukali unaanza kushuka tena kwa lenzi yoyote kwenye sensa ya kamera yako, ile sehemu inayopokea picha.

Dukani hakikisha imeandikwa STM. Toleo la kabla yake, la II, lina plastiki pale inaposhika kamera na mabapa matano yaliyonyooka ya kufungia tundu, hivyo ukifunga tundu kidogo taa za nyuma zinakuwa pembetano. STM ina chuma na mabapa saba ya mviringo.

Sasa jambo ambalo litakusumbua wiki ya kwanza. Kwa 700D, mtu akiwa mita 1.5 na lenzi ikiwa f/1.8, kina cha fokasi, yaani eneo linalotoka kali, ni kama sentimita 6 tu, 3 mbele na 3 nyuma. Ukiiacha kamera ichague yenyewe kati ya pointi 9, itashika kilicho karibu: pua, au ua mkononi. Weka pointi moja, hali ya One Shot (fokasi ikishikwa inabaki palepale), na anza na ya katikati, ambayo kwenye kamera hii ndiyo sahihi zaidi kwa lenzi zinazofunguka f/2.8 au zaidi ya hapo, kama hii ya f/1.8. Ila usishike fokasi kwenye jicho kisha ukageuza kamera sana kupanga picha. Ukigeuza nyuzi 10 tu, jicho limetoka kwenye fokasi kwa zaidi ya sentimita 2, na ukiyumba kidogo hizo 3 zimekwisha. Jicho likiwa juu ya fremu, tumia pointi ya juu. Kwa kazi ya kulipwa, fanya f/2.8 kuwa kawaida yako: kina kinafika karibu sentimita 10 na ukungu bado upo.

Ukiona kila picha fokasi inaangukia masikioni, pima kwanza. Kamera kwenye stendi, rula imelazwa kwa nyuzi 45, shika fokasi kwenye namba moja kwa f/1.8, piga tano kwa kuchungulia kiooni na tano kwa kutazama skrini ya nyuma. Za skrini zikiwa sawa na za kiooni zikakosa upande uleule kila mara, tatizo ni mpangilio wa fokasi kati ya bodi ya kamera na lenzi. 700D haina sehemu ya kurekebisha hilo kwenye menyu, hivyo rudisha lenzi ibadilishwe ukiwa bado na risiti.

Lenzi zote mbili hazina kizuia mtikisiko kama 18-55 yako yenye maandishi IS. Ulizoea shata ya 1/30 ya sekunde, sasa shika 1/200 kwa mtu aliye hai, na ISO ipande tu. Picha nyingi zinazosemwa "lenzi haina ukali" ni mkono.

Jua la mchana lina kero ya kinyume. ISO 100 na f/1.8 kwenye jua kali hudai shata ya karibu 1/8000, na 700D inaishia 1/4000, sura itaungua. Nenda kivulini, au f/2.8, au ile chenji inunue filta nyeusi ya kupunguza mwanga, ya stopu 3, kipenyo 49mm.

Kwenye bodi yako 50mm inabana kama 80mm. Kwa kifua na uso ni tamu. Mtu mzima wa kusimama anataka karibu mita 5, kwa hiyo sebule nyingi na picha za familia bado ni kazi ya 18-55.

Kama moyo umeng'ang'ania f/1.4, ikague hivi. Zungusha pete ya fokasi polepole kutoka mwisho hadi mwanzo: ikikwama au kukwaruza popote, iache. Lenzi hii hutoka mbele ikishika fokasi ya karibu, na ikigongwa pale utaratibu wa ndani hupinda na otofokasi hufa. Kisha mulika tochi ya simu kutoka nyuma ukitazama kwa mbele. Nyuzi kama za buibui ni fangasi, na kwa hewa ya chumvi na unyevu wa pwani zitaongezeka. Vumbi kidogo si hoja.