Mita ya oksijeni inadanganya?

Swali: Kwenye vizimba vyetu vya samaki baharini, mita husoma miligramu 7 za oksijeni kwa lita kila adhuhuri, lakini alfajiri samaki hupanda juu wakihema. Imeharibika?

Jibu: Huenda ni nzima, mnapima saa isiyofaa. Mchana mwani huzalisha oksijeni, usiku huitumia pamoja na samaki, hivyo kiwango huwa cha chini kabisa kabla ya jua kuchomoza. Pimeni wakati huo, juu na karibu na kitako cha wavu. Kisha kagueni mpangilio wa chumvi kwenye mita, kosa linalosahaulika mno: ukiachwa 0 kwenye maji yenye gramu 35 za chumvi kwa kilo, mita huzidisha kiwango cha oksijeni kwa takriban asilimia 20. Kama ndivyo, hiyo 7 yenu ni chini ya 6. Kiputo kikinaswa chini ya utando wa kihisio (ncha ya mita inayopima), namba huyumba. Oksijeni ikishuka chini ya 5, punguzeni chakula.